Barua Isiyosomeka: Maoni juu ya Namna Kompyuta Zetu Zinavyopanga Kumbukumbu

Katika nyumba nyingi za mwambao, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani na Tanga, yamehifadhiwa masanduku yenye barua na hati za mababu. Zimeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Lau barua hiyo ingesomwa kwa sauti, mjukuu angeielewa karibu yote. Lakini mjukuu aliyesomeshwa kwa herufi za Kirumi huikunjua, huitazama, kisha huikunja tena na kuirudisha sandukuni. Karatasi haikuharibika, wino haukufutika, wala lugha haikufa. Kilichopotea ni kimoja tu, nacho ni ujuzi wa namna maneno yale yalivyopangwa juu ya karatasi.

Nimeanza na barua hizo kwa sababu nina hofu kwamba sisi tulio hai leo tunaandika barua nyingine za namna hiyo, tena kwa wingi ambao mababu hawakuweza kuuota. Tunaziandika katika kompyuta za zahanati, za shule na za halmashauri. Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu ikishaingizwa katika kompyuta imeokoka. Mimi nasema imeokoka nusu. Nusu ya pili hutegemea kazi ndogo inayofanyika ndani ya injini ya hifadhidata, kazi ambayo mwananchi haioni na ambayo hata watayarishaji wa programu huipita haraka. Wataalamu huiita serialaizesheni. Katika makala hii nitaiita kupanga kwa mfululizo.

Mashua iliyobebwa kutoka Bagamoyo

Tuanze na maana yake. Kadi ya kliniki ya mtoto ina jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kila mwezi, na orodha ya chanjo, kila chanjo na tarehe yake. Mtayarishaji wa programu huiita kadi hiyo kitu, yaani fungu la habari zenye majina, lililofungwa pamoja. Watoto wote wa kliniki moja ni orodha ya vitu. Ndani ya kila kitu mna orodha nyingine, na ndani ya orodha hiyo mna vitu vingine.

Kompyuta ikiwa inafanya kazi, vipande vya habari hizo hukaa kila kimoja mahali pake katika kumbukumbu ya muda, na huunganishwa kwa anwani: kipande hiki husema tu kwamba chanjo za mtoto huyu ziko kule. Umeme ukikatika, anwani zile hazina maana tena. Diski, kwa upande wake, haijui vitu wala orodha. Inajua mstari mmoja mrefu wa baiti, moja baada ya nyingine. Hivyo basi, kabla ya kuhifadhi, programu lazima ikifungue kitu, ikipange kipande kwa kipande katika mstari, na iache alama za kutosha ili siku ya kukisoma kiweze kuundwa tena kama kilivyokuwa.

Kazi ya namna hii si ngeni katika wilaya yetu. Mwezi Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na mashua iliyoitwa Lady Alice. Mashua nzima haipiti katika njia ya miguu. Kwa hiyo ilikuwa imeundwa kwa sehemu zinazofunguka, na wapagazi wakazibeba katika mstari wa msafara hadi kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko, mwaka 1875, sehemu zile ziliunganishwa na mashua ikashushwa majini. Jambo la kuzingatia ni kwamba wapagazi walifikisha mbao, na walioirudisha kuwa mashua ni wale waliojua sehemu ipi hufuata ipi na huungwa wapi. Lau wangalifariki njiani, Ziwa Viktoria lingepokea kuni.

Vibao vya barabara ya Msata

Msomaji aweza kuuliza: kama kazi yenyewe ni kupanga tu, ugumu uko wapi? Nitaueleza kwa barabara ya Bagamoyo hadi Msata, yenye urefu wa kilomita 64, inayopita Makofia, Fukayosi na Kiwangwa kwenye mashamba ya mananasi, hadi inapokutana na barabara kuu ya Chalinze na Segera.

Tuseme tunataka kuweka vibao. Njia ya kwanza ni kuandika katika kila kibao umbali kutoka Bagamoyo. Msafiri akitazama kibao kimoja tu, hujua mara moja alipo. Njia ya pili ni kuandika umbali kutoka kibao kilichotangulia. Hapo kila kibao kina tarakimu ndogo, lakini msafiri anayetaka kujua alipo lazima awe amejumlisha vibao vyote alivyovipita.

Injini ya hifadhidata hukabiliwa na chaguo hilo hilo. Mwanzoni mwa orodha huweka kichwa kinachoeleza vitu vilivyomo. Katika kichwa yaweza kuandika mahali kila kitu kinapoishia, ikihesabu tangu mwanzo wa orodha, au yaweza kuandika urefu wa kila kitu peke yake. Njia ya kwanza hurahisisha kukifikia kitu cha mia mbili bila kupitia vile 199 vilivyotangulia. Njia ya pili humlazimu msomaji ajumlishe.

Mwaka 2014 waundaji wa PostgreSQL, hifadhidata inayotumika duniani kote na katika mifumo mingi ya umma, walikuwa wakiijaribu aina mpya ya kuhifadhi vitu na orodha iitwayo jsonb. Walikuwa wamechagua njia ya kwanza, kwa sababu ina kasi. Katika majaribio iligunduliwa kasoro ambayo hawakuitarajia. Injini hiyo hubana habari ndefu ili zichukue nafasi ndogo, na hubana kwa kutafuta mifuatano inayojirudia. Umbali unaohesabiwa tangu mwanzo haujirudii kamwe, huongezeka tu. Kila ingizo la kichwa lilichukua baiti nne, na kibanaji kilikuwa kinakata tamaa kisipoona chochote cha kubana katika baiti 1,024 za mwanzo. Kwa hiyo orodha yenye vitu zaidi ya 256 ilikuwa na kichwa kirefu kiasi kwamba kibanaji kilisalimu amri kabla ya kuifikia habari yenyewe, hata kama habari hiyo ilikuwa nyepesi kubanwa. Tarehe za chanjo, kwa mfano, zote zina urefu mmoja. Zikiandikwa kwa urefu, ingizo lile lile hujirudia na kubanwa vizuri. Zikiandikwa kwa umbali, hakuna kinachofanana na kingine.

Baada ya majadiliano marefu, yaliyofanywa hadharani, walifikia suluhu ya busara. Kichwa huandika urefu, lakini kila ingizo la 32 huandika umbali tangu mwanzo. Ni kama barabara yenye vibao vidogo vya hatua kwa hatua, na kila baada ya muda kibao kikubwa kinachokuambia umetoka Bagamoyo kilomita ngapi. Waliokuwa wameanza kutumia toleo la majaribio ilibidi waitoe data yao yote na kuiingiza upya. Toleo kamili, la 9.4, lilitoka Desemba 2014 likiwa na mpango huo mpya.

Nimelieleza tukio hili kwa kirefu kwa sababu linatufundisha mambo mawili. Kwanza, uamuzi unaoonekana mdogo, wa kuandika urefu au umbali, ulitosha kubadilisha mwenendo wa hifadhidata nzima. Pili, kosa lilirekebishwa kwa sababu mpango wenyewe ulikuwa umeandikwa wazi, na mtu yeyote aliweza kuusoma, kuupima na kuupinga. Najiuliza ni mifumo mingapi tuliyonunua kwa fedha za wananchi ambayo mpango wake umo kichwani mwa kijana mmoja mwenye mkataba wa miezi sita.

Kosa langu mwenyewe

Nisije nikaonekana nawalaumu wengine tu. Nilipokuwa ng'ambo nikitayarisha tasnifu yangu ya uzamivu, nilitumia majibu ya kaya za Msata na vijiji jirani kuhusu maji ya matumizi ya nyumbani. Niliandika programu kwa lugha ya Java, na kila kaya ikawa kitu chenye watu, ndoo na visima. Lugha hiyo, tangu mwaka 1997, ina njia yake yenyewe ya kupanga vitu kwa mfululizo; amri moja tu yatosha, na orodha nzima huwa faili. Nilifurahi nayo kama mtu aliyepata mpagazi asiyedai ujira.

Miezi ikapita. Nikaipanga upya programu yangu, nikabadilisha majina kadhaa na kuongeza habari nyingine kwenye kaya. Siku nilipolihitaji faili la zamani, mashine ilikataa kulifungua. Ilinieleza kwamba aina ya kitu kilichomo hailingani na aina inayoijua sasa. Nakala ya programu ya zamani sikuwa nayo. Mtaalamu mwenye subira angeweza kulichambua faili lile baiti kwa baiti, lakini muda wangu ulikuwa umekaribia kwisha.

Kilichoniokoa ni sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha shangazi yangu pale Msata. Ndani yake mlikuwa na fomu za karatasi, zimefungwa kwa nailoni dhidi ya mchwa. Nilirudi likizo, nikakaa barazani kwake wiki tatu nikiziingiza upya. Shangazi aliniuliza kwa utani kama mashine niliyokuwa nikiisifia ndiyo hiyo isiyojua kusoma mwandiko wake mwenyewe. Sikuwa na jibu. Fomu zile zilikuwa na jambo moja ambalo faili langu halikuwa nalo: juu ya kila safu paliandikwa, kwa Kiswahili, maana ya kilichoandikwa chini yake.

Baadaye nilijifunza kwamba udhaifu wa njia ile hauishii hapo. Faili la namna hiyo ndilo linaloiambia programu iunde vitu vya aina gani, na wahalifu wamelitumia jambo hilo kuingiza amri zao ndani ya mashine za watu. Anayefungua mzigo kwa kufuata maagizo yaliyomo ndani ya mzigo wenyewe, asishangae kilichomkuta.

Namba bila kamusi yake

Sasa tulitazame suala hili katika huduma za umma. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 taarifa za vituo vya afya vya Tanzania Bara zimekuwa zikikusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ulioasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kulelewa nchini kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mfumo huu nausifu. Programu yake iko wazi, na kila anayetaka aweza kuisoma. Lakini hata ndani yake mna funzo.

Katika sehemu ya mfumo huo inayofuatilia mtu mmoja mmoja, hapo awali kila jibu lilikaa katika mstari wake ndani ya jedwali. Baadaye majibu yote ya ziara moja yalikusanywa pamoja katika kitu kimoja cha aina ile ya jsonb niliyoieleza. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa ziara nzima husomwa kwa mara moja. Gharama yake ni kwamba ukibadilisha jibu moja, injini huandika upya kitu kizima. Hilo ni la mafundi kupima.

Linalotuhusu sote ni jingine. Ndani ya kitu hicho, jibu haliandikwi kwa jina la swali, bali kwa msimbo wa herufi na tarakimu 11. Maana ya msimbo huo imo katika jedwali jingine kabisa. Mtu akiupata mfululizo huo peke yake miaka thelathini ijayo, ataona msimbo na mbele yake 11.2. Je, hizo ni kilo za mtoto wa mwaka na nusu, au ni kiwango cha damu ya mama mjamzito? Baiti zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea, na bado hajui alichoshika. Amekuwa mjukuu mwenye barua ya babu.

PostgreSQL yenyewe inaijua hatari hii. Orodha ya vitu inapohifadhiwa kwa aina zilizobuniwa na mtumiaji, kichwa cha orodha hubeba namba ya aina hiyo, na maana ya namba imo katika majedwali ya ndani ya injini. Ndiyo sababu chombo chake cha kuhamia toleo jipya huchukua tahadhari ya kuzihifadhi namba hizo zisibadilike hata moja.

Msimbo, hata hivyo, una faida ambayo watu wa Msata wanaielewa vizuri. Kata ya Msata ilikuwa chini ya Halmashauri ya Bagamoyo. Ilipoundwa Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, katikati ya miaka ya 2010, Msata ikawa upande wa Chalinze. Zahanati haikuhama hata hatua moja. Mfumo uliokuwa umeandika neno Bagamoyo ndani ya kila kumbukumbu ungelazimika kuzirekebisha zote, au kuishi na uongo. Mfumo uliohifadhi msimbo wa zahanati peke yake ulihitaji kurekebisha mahali pamoja. Kwa hiyo sipingi misimbo. Ninachopinga ni kuutunza msimbo na kuitupa kamusi yake.

Kuna na jambo dogo zaidi, ambalo wanafunzi wangu hulicheka mpaka wanapolihesabu. Namba 300 huhitaji baiti mbili: moja yenye thamani ya 1, na nyingine yenye 44, kwa kuwa 256 na 44 ni 300. Mashine nyingine huandika kubwa kwanza, nyingine huandika ndogo kwanza. Aliyepanga kwa njia moja akisomewa kwa njia nyingine, vyandarua 300 vya wilaya hugeuka kuwa 11,265. Hakuna mwizi na hakuna mzembe. Ni kwamba hapakuandikwa popote mkono upi unatangulia.

Pingamizi na majibu yake

Najua nitakayojibiwa. Wahandisi watasema kwamba kuandika maelezo huchelewesha kazi, na kwamba mpango ulio wazi hauna kasi. La kwanza ni kweli, lakini ni ucheleweshaji wa siku chache dhidi ya hasara ya miaka. La pili si kweli. Ushahidi ni SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu nyingi za mikononi, ikiwa ni pamoja na zile zinazotumiwa na wahudumu wa afya. Mpango wa faili lake umechapishwa hadi baiti ya mwisho, umeeleza wazi kwamba baiti kubwa hutangulia, haujavunjwa tangu toleo la tatu la mwaka 2004, na waundaji wake wametangaza nia ya kuutunza hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani huitaja miongoni mwa njia inazozipendekeza kwa kuhifadhi data. Na kasi yake haina mlalamikaji.

Wengine watasema kwamba nchi maskini ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Nawaomba watazame Bagamoyo, ambako Taasisi ya Afya ya Ifakara ina tawi lake. Mji huo ulikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000 kuanzia mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana mwaka 2021. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 12, na katika miaka yote hiyo kumbukumbu ya kila mtoto ilipaswa kusomeka vile vile ilivyoandikwa siku ya kwanza. Sayansi ya nchi maskini ndiyo isiyoweza kumudu kurudia kazi mara mbili.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne. Kwanza, mkataba wowote wa mfumo wa umma udai maelezo ya maandishi ya namna kila kitu na kila orodha inavyopangwa, na maelezo hayo yakabidhiwe pamoja na mfumo kama vile hati ya shamba inavyokabidhiwa pamoja na shamba. Pili, kila mfululizo uanze na namba ya toleo la mpango wake, ili programu ya kesho ijue inasoma mwandiko wa mwaka gani. Tatu, kamusi ya misimbo itunzwe mahali pale pale panapotunzwa data, na nakala zake za zamani zisifutwe.

La nne ndilo ninalolithamini kuliko yote, nami naliita mtihani wa mgeni. Kila mwaka ichukuliwe nakala moja ya data ya zamani, apewe mtaalamu ambaye hakushiriki kuujenga mfumo, pamoja na yale maelezo ya maandishi tu, naye aandike programu ya kuisoma. Akishindwa, mfumo umeshindwa, hata kama unafanya kazi vizuri siku hiyo. Mamlaka ya Serikali Mtandao na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndizo zenye nafasi ya kuusimamia mtihani huo, na vyuo vikuu vyetu vina vijana wa kutosha wa kuufanya. Nasi walimu tuache kulifundisha somo hili kwa dakika kumi za mwisho wa kipindi.

Fomu za shangazi bado ninazo. Mwaka jana nilimpa mwanafunzi wangu mmoja karatasi moja miongoni mwa hizo bila kumweleza lolote. Aliisoma yote kabla chai haijapoa. Ningependa siku moja niweze kumpa faili la zahanati ya Msata, nipate matokeo yale yale.